Jino la kibarua wa bustani: hesabu ya siku

Vibarua wengi wa bustani za mboga hapa Dar, kuanzia Bonde la Msimbazi hadi Tegeta na Kigamboni, wametoka mikoani na wanalipwa kwa siku au kwa tuta. Jino likianza kusumbua, kabla hata ya kuuliza bei mtu anajiuliza atapoteza siku ngapi. Ni hesabu ya haki kabisa. Ubaya ni kwamba wengi huipiga wakiwa wamechelewa.

Jino linaloshtuka ukinywa maji baridi, kisha likatulia baada ya sekunde chache, mara nyingi huzibwa likaisha siku hiyohiyo. Likianza kuuma lenyewe usiku, au maumivu yakikaa dakika kadhaa baada ya chai ya moto, kiini, yaani nyama laini ya ndani ya jino yenye neva na damu, kimeshavimba. Hapo ni ama kutibu mzizi, kazi ya safari mbili au tatu, ama kung'oa. Halafu maumivu hukata ghafla, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mtu anajiona amepona, anarudi kwenye mchicha wake. Kumbe kiini kimekufa, vijidudu vinashuka hadi ncha ya mzizi, na usaha unajikusanya taratibu.

Kapsuli za rangi mbili za duka la dawa, yaani antibiotiki, haziponyi jino hilo. Ndani ya kiini kilichokufa hakuna damu ya kupeleka dawa, kwa hiyo uvimbe hupungua, kisha unarudi. Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Diklofenaki na ibuprofeni asizimeze kiholela mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, wala aliyeshinda juani bila maji ya kutosha, figo zinaumia. Kutia maji ya betri jinoni ndiyo kabisa usijaribu: yanaunguza fizi na uozo unabaki palepale.

Zahanati nyingi hazina kiti cha meno. Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zina huduma hiyo, na kesi ngumu huishia Muhimbili. Wahi asubuhi, uliza kabla bei ya kumwona daktari, ya picha na ya kazi yenyewe. Mwenye bima aulize kwanza kama anahitaji barua ya rufaa kutoka kituo cha chini, asije akarudishwa mlangoni.

Kama unahama msimu ukiisha, mwambie daktari mapema. Mzizi ulioachwa nusu hufunikwa kwa kizibo cha muda, ambacho hudumu wiki chache tu. Kikidondoka ukiwa shamba jingine, uchafu unaingia moja kwa moja. Kwa mtu asiye na uhakika wa kurudi, naona heri gego ling'olewe kuliko kuanza tiba isiyomalizika. Omba pia uandikiwe namba ya jino. Kwa hesabu ya madaktari wa meno, gego la kwanza la chini kushoto ni 36, la kulia ni 46. Ipige picha karatasi hiyo kwa simu pamoja na eksirei, ili daktari wa huko uendako asianze upya.

Ukishang'olewa, ng'ata gozi (kitambaa cha kufungia kidonda) dakika 30 hadi 45 bila kuchungulia kila mara. Usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara. Keni mbili za maji na pampu ya dawa mgongoni ziachie mwenzako saa 24, maana kuinama na mzigo kunarudisha damu. Kesho yake sukutua taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu yaliyochemshwa, si ya mfereji wa bustani. Maumivu yakizidi siku ya 3 na kupanda sikioni, bonge la damu lililoziba pango la jino limetoka. Rudi pango lisafishwe na kuwekewa dawa.

Uvimbe ukishuka chini ya taya, mate hayamezeki, ulimi umeinuka au mdomo haufunguki, usingoje foleni ya meno asubuhi. Mgonjwa wa hivyo mpelekeni dharura usiku huohuo, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.