Waya Uliozama Shingoni mwa Simba

Jioni ya Jumanne moja ya mwezi wa Aprili, mvua za masika zilipokuwa zimepumzika kwa saa moja hivi, nilikuwa natoka shuleni kurudi nyumbani Kihonda, hapa Morogoro, nikasikia mnyama akihema ndani ya mtaro ulio kando ya njia ya udongo inayoingia mtaani kwetu. Hakuwa akibweka wala kulia; ilikuwa pumzi nzito yenye mkoromo, kama ya mtu mwenye pumu. Nilipoinama nilimwona mbwa dume wa rangi ya kahawia, amelala ubavu juu ya mchanga na takataka zilizoletwa na maji, mbavu zinahesabika, na shingo imevimba hata kichwa kikaonekana kidogo. Harufu ya kidonda ilinifikia kabla sijakiona kidonda chenyewe.

Nitakieleza kidonda hicho jinsi kilivyokuwa, kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nacho. Kulikuwa na mfereji mwekundu uliozunguka shingo nzima, upana wake sawa na kidole changu cha shahada, kingo zake zimegeuka nje na kukauka, na ndani yake funza weupe walikuwa wakitembea. Mwanzoni nilidhani amekatwa kwa panga. Nilipomulika kwa tochi ya simu nikaona kitu kinang'aa upande wa koo, mahali ambapo nyama haikuwa imekifunika bado: ncha mbili za waya wa kufungia nondo, zimesokotwa pamoja kwa koleo.

Nilikosea kunyoosha mkono. Mbwa mwenye maumivu makali hamtambui anayemtakia mema, na huyu alinigeukia akaniuma karibu na kiwiko, jino moja likapenya ngozi. Niliomba maji ya bomba kwa jirani, nikaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa kuwa hilo nimewafundisha wanafunzi wangu kwa miaka mingi: maji na sabuni huondoa sehemu kubwa ya virusi vya kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo dalili zake zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kengele ya shule, nilikuwa nimeshachomwa sindano ya kwanza kituo cha afya, na nilirudi kwa zilizobaki katika kila tarehe niliyoandikiwa kwenye kadi.

Kumpata wa kumbeba mbwa hakukuwa rahisi. Madereva wawili wa bajaji walikataa, na siwalaumu, maana kiti ni sehemu ya mtaji wao. Wa tatu, kijana Mwislamu ambaye hunipeleka sokoni mara kwa mara, alisimama ukingoni mwa mtaro akatazama kwa muda, kisha akasema, “Mwalimu, tafuta turubai. Mate yake yakigusa nitaosha mara saba, moja kwa udongo, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini tumefundishwa pia habari za yule aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa.” Tulimfunika mbwa kichwa kwa kanga yangu kuukuu, tukamtoa mtaroni kwa turubai kama kwa machela. Nauli hakuipokea.

Daktari wa mifugo alimchoma mbwa dawa ya usingizi, akanyoa manyoya kuzunguka shingo, akaanza kuusaka waya. Ulikuwa umezama kiasi kwamba nyuma ya masikio ngozi ilikuwa imeota upya na kuufunika kabisa, hivyo ikambidi apasue. Aliukata sehemu tatu, akautoa kipande kimoja kimoja na kuviweka kwenye sahani ya chuma. Nilivipanga kwa kidole nikaona duara la shingo ya mtoto wa mbwa wa miezi minne hivi, wakati huyu aliyelala mbele yetu alikuwa anakaribia mwaka. Daktari alinieleza kwamba majeraha ya namna hii anayaona mara kwa mara, na kwamba mara nyingi hayatokani na mtu aliyekusudia kutesa: mtoto wa mbwa hukua kwa kasi katika miezi sita ya mwanzo, manyoya yanaificha kamba, mwenyewe hana desturi ya kumshika shingoni, na siku mbwa anapoanza kunuka watu hudhani amekula mzoga. Kanuni aliyonipa ni fupi. Vidole viwili vya mtu mzima vipite kati ya mkanda na shingo bila kulazimisha, na kwa mbwa ambaye bado anakua jambo hilo lipimwe kila wiki.

Niliondoka na antibayotiki, dawa ya kusafishia kidonda, na maelekezo ya chakula ambayo mengine yalikuwa mageni kwangu. Mnyama aliyekonda kwa njaa hapewi sinia la chakula kwa mkupuo. Nilimpa ugali laini wa dona uliochanganywa na dagaa, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Mabaki ya pilau na mchuzi, ambayo nyumba nyingi hudhani ndiyo zawadi ya mbwa, yana vitunguu, na vitunguu huharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali na inaweza kumtoboa utumbo. Jioni, wanangu walimwaga maji ya chumvi ya vuguvugu taratibu juu ya kidonda huku mimi nikimtoa kupe kati ya vidole vya miguu. Walimpa jina la Popi. Siku ya sita alitikisa mkia.

Wakati huohuo nilikuwa na sababu ya lazima ya kumtafuta mwenye mbwa. Mbwa aliyeuma mtu huangaliwa kwa siku 10, kwa sababu aliyekuwa na virusi vya kichaa mateni wakati wa kuuma huugua na kufa ndani ya muda huo, na daktari alitaka kujua kama huyu aliwahi kuchanjwa. Watu hudhani mbwa anayezurura hana mwenyewe. Katika miji na vijiji vyetu mambo ni tofauti: mbwa wengi tunaowaona njiani wana mahali wanapolala, wana mtu anayewatupia ugali, na wana jina. Hawafungiwi tu. Kwa hiyo anayemwokota mbwa mtaroni ajue kwamba, apende asipende, ameshaingia katika mambo ya nyumba ya mtu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikulisema kwa wakati wake. Siku ya nane, mtoto wa kiume wa umri wa darasa la tatu alipita nje ya ua wetu akiita, “Simba! Simba!” Niliona masikio ya Popi yakisimama. Aliinuka, akaenda hadi kwenye geti, akapitisha pua chini yake. Mtoto alikuwa ameshakwenda mbali, na mimi nilibaki kimya jikoni na mwiko mkononi. Nilikaa kimya siku mbili. Nilijiambia kwamba aliyefunga waya ule hastahili kurudishiwa chochote chenye uhai, na kwamba kuponya kidonda kumenipa haki kuliko yake. Usingizi ulinipotea siku zote mbili, kwa sababu nilikuwa nimemwona mtoto yule na nilijua anatafuta nini.

Usiku wa pili niliisoma Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inamtaka mwenye mnyama ampe chakula, maji, mahali pa kujihifadhi na matibabu, na inahesabu kumtesa mnyama kuwa kosa. Nilipiga mstari chini ya vifungu nilivyotaka kuvisoma mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kesho yake nikaenda na mwenyekiti nyumbani kwa yule mtoto, karatasi zikiwa mkobani.

Tulimkuta babu wa mtoto ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, koti la ulinzi likiwa limeanikwa kwenye kamba nyuma yake. Ni mlinzi wa usiku.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibuni. Ni habari za mbwa?”

Nilimweleza yote, nikamwonyesha na vipande vya waya, ambavyo nilivifunga kwenye karatasi. Alivichukua akaviweka kiganjani, akavitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema waya ule aliufunga yeye mwenyewe. Mwaka jana gari la matangazo lilipita mtaani likiwa na kipaza sauti, likitangaza kwamba mbwa atakayeonekana hana mkanda shingoni atahesabiwa mzururaji na atapigwa risasi. Mkanda wa dukani hakuwa na fedha ya kuununua. Alimfunga kamba ya katani, mtoto wa mbwa akaitafuna; akamfunga utepe wa mpira wa tyubu, akautafuna nao. Ndipo akachukua waya uliobaki kwenye jengo analolilinda. “Nilitaka ajulikane ana mwenyewe,” alisema. “Sikutaka wamuue.” Halafu masika yakaanza, mbwa akawa analala mbali, hataki kuguswa, na mzee akadhani amekuwa mkali kwa sababu ya umri.

Karatasi zangu za sheria sikuzitoa. Si kwamba sheria haikuhusika, maana mateso yale yalikuwa ya kweli na mwenye dhamana alikuwa yeye. Lakini niliyemtayarishia maneno yale makali hakuwapo pale chini ya mwembe. Nilichokuwa nacho mbele yangu ni mzee aliyefunga waya ili kumwokoa mbwa na risasi, na hakurudi kuutazama. Nadhani hasira yangu kubwa zaidi ilipaswa kulielekea tangazo lile. Kuua mbwa hakukomeshi kichaa cha mbwa. Kinachokomesha ni kuwachanja, na wataalamu hulenga angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, kwa kila kampeni. Kisiwa cha Pemba kiliwahi kuufuta ugonjwa huo kwa njia hiyo, na uliporudi ukafutwa tena kwa njia hiyohiyo. Lakini chanjo inahitaji mbwa anayeshikika, na mbwa aliyezoea kuguswa na mwenyewe kila siku ndiye anayeshikika. Simba hakuwa na kadi ya chanjo. Mzee alisema siku ya chanjo ya bure, mwishoni mwa Septemba, inapoadhimishwa siku ya kichaa cha mbwa duniani, alikuwa amelala baada ya zamu.

Mbwa aliangaliwa hadi siku ya 10 ikapita salama, akachanjwa, na aliendelea kukaa kwangu hadi kidonda kilipofunga. Siku ya kumrudisha, ambayo ilikuwa ya 31, mtoto yule alikuja na babu yake. Simba alimtambua tangu akiwa njia panda; alilalamika kwa sauti nyembamba ambayo hatukuwahi kuisikia wiki zote nne, akajiviringisha miguuni pake akiwa amelegea mwili mzima. Binti yangu alilia. Mimi nilitazama kando.

Mbele ya mwenyekiti tulikubaliana mambo machache, na mzee aliyakubali bila kuvutana. Mkanda uwe wa nguo, ule nilioununua, wenye matundu ya kuongezea. Mjukuu aupime kwa vidole kila Jumapili. Akifungwa mnyororo mchana, ufunguliwe usiku. Maji yawepo wakati wote. Kuhasi ndiko kulikotushinda. Daktari alikuwa amenieleza kwamba dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura na kupigana, na mimi nilikuwa tayari kulipia, lakini mzee anaamini mbwa wa namna hiyo hatalinda tena. Aliniomba muda. Nimempa, ingawa sina uhakika kama nilipaswa kungoja.

Tangu hapo ninapita kwao mara mbili kwa wiki, nikisingizia kwamba naelekea gengeni. Shingo imeota manyoya meupe, duara jembamba lisilofanana na mwili wote. Nikifika huanza kwa kupitisha vidole viwili chini ya mkanda, na Simba, ambaye zamani aling'aka mtu akimkaribia kichwani, sasa huinua kidevu mwenyewe ili nimfikie.

Lakini Alhamisi iliyopita nilikuta bakuli limekauka, lina ukoko wa ugali wa jana na sisimizi. Jua lilikuwa kali, mnyororo haukufika kivulini, mzee amelala ndani na mtoto yuko shule. Nilijaza maji, nikausogeza mnyororo hadi shina la mwembe, nikaondoka bila kumwamsha mtu. Njiani nilijiuliza kama kwa kunyamaza nimemsaidia Simba au nimejifariji mwenyewe, kwa kuwa maji ya siku moja hayamtoshi mbwa wa maisha yote. Jioni nilirudi nikazungumza na mtoto. Tuliifunga ndoo ndogo ya lita 10 kwenye shina kwa kamba ili isipinduliwe, na akaniambia ataijaza asubuhi kabla ya kuvaa viatu vya shule. Aliniambia pia, bila kuulizwa, kwamba babu yake anafikiria kurudi Gairo baada ya mavuno, na kwamba hajui kama kwenye basi watakubali mbwa.

Jumamosi nakwenda na kidonge cha minyoo. Nitamsubiri mzee aamke, nitamwamkia, nitaketi, na nitamwuliza habari za Gairo.