Kifuniko cha kipandikizi cha jino

Wiki hii, katika kliniki moja ya meno hapa Kampala, nilimwomba daktari anionyeshe pakiti ya kifuniko cha titani kitakachokaa juu ya kipandikizi changu, yaani mzizi bandia wa jino uliopandwa kwenye taya, hadi fizi ipone, nikaona alama ya namba 2 iliyokatwa kwa mstari ndani ya duara, yaani kifaa kisitumiwe tena. Alikiri kwamba baadhi ya madaktari huvisafisha vifuniko hivi na kuvitumia tena kwa mgonjwa mwingine kwa sababu ya gharama. Naielewa sababu hiyo, lakini mgonjwa anastahili kuulizwa kwanza. Mvuke wa nyuzijoto 134 huua vijidudu, ila hauondoi mabaki ya protini yaliyogandamana kwenye titani, na skrubu ya kifuniko iliyokazwa na kulegezwa mara nyingi hupoteza uimara wake.