Lori kuukuu linalogonga tik tik: sikiliza kabla hujashika spana

Injini iliyotembea miaka mingi ikianza kugonga tik tik, wengi hukimbilia kumwaga oili nzito zaidi au kufungua kava ya tapeti na kuanza kukaza. Njia zote mbili zinaweza kuunyamazisha mlio na kuacha ugonjwa ulipo. Mlio wenyewe una mambo matatu ya kukuambia kabla hujagusa nati: unakwenda kwa kasi gani ukilinganisha na injini, unabadilikaje injini ikipata moto, na unabadilikaje ikibeba mzigo.

Anza na kasi. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, huzunguka mara moja wakati krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, imezunguka mara mbili. Injini ikiwa silensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 400 tu, yaani mara sita au saba kwa sekunde. Kitu kinachogonga kila krankshafti inapozunguka, kama bolti ya flaiwili iliyolegea, hupiga mara 800, na hapo sikio halihesabu tena. Kwenye injini ya petroli yenye distribyuta, bana taa ya taiming kwenye waya wa plagi namba moja. Taa humulika mara moja kila mizunguko miwili. Mlio ukienda sambamba na mwanga, tafuta kwanza kwenye valvu, plagi au ekzosi. Ukipiga mara mbili kwa kila mmuliko, teremka chini kwenye krankshafti. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti) ndiyo inayodanganya, kwa sababu inaweza kupiga kwa mwendo wowote kati ya hiyo miwili. Dawa yake ni kipimo cha kukata silinda nitakachokieleza mbele.

Halafu oili, maana ndiyo hundi rahisi kuliko zote. Ikipungua, pampu huvuta hewa. Ikizidi, krankshafti huipiga mpaka ifanye povu, na povu likiingia kwenye tapeti za haidroliki, zile zinazojirekebisha kwa presha ya oili, zinabonyea na kugonga vilevile kama oili iliyopungua. Kwa hiyo usishangilie kuona kijiti kimelowa hadi juu ya alama. Taa ya oili kwenye dashibodi haitoshi: ikiwaka, presha imeshaanguka sana. Fungua swichi ya presha, funga geji ya kawaida mahali pake, pasha injini moto kabisa, kisha soma. Kanuni ya jumla kwa injini za petroli ni takriban psi 10, yaani baa 0.7, kwa kila mizunguko 1,000, ila kipimo cha mtengenezaji ndicho cha kufuata. Kama mlio unasikika sekunde chache tu baada ya kuwasha asubuhi kisha unapotea, angalia filta. Filta isiyo na valvu ya kuzuia oili kurudi, au yenye valvu iliyokakamaa, huachia oili yote ishuke usiku.

Sasa tafuta mahali. Bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio, inatosha. Mikono ya shati iwe imekunjwa, na kaa mbali na feni na belti. Gusa kava ya tapeti sehemu kadhaa, kisha pampu ya maji, alteneta, pampu ya mafuta ya petroli inayosukumwa na kamshafti, na karta, bakuli la oili chini ya injini. Vua fenibelti uwashe injini kwa chini ya dakika moja. Mlio ukipotea, injini yenyewe haina hatia. Injekta za petroli hutoa tik tik nyepesi, za mwendo mmoja kwenye kila silinda, na hizo ni za kawaida.

Kosa la kawaida kupita yote ni kushtaki tapeti wakati manifoldi ya ekzosi inavuja. Mlio unafanana sana, lakini tabia ni tofauti: uvujaji husikika zaidi injini ikiwa baridi na ukikanyaga mafuta, kisha hupungua chuma kikitanuka na kuziba mwanya. Tapeti iliyolegea haijali sana mzigo. Bisibisi hapa haisaidii kwa sababu unatafuta upepo. Chukua kipande cha mpira cha kama mita moja, weka mwisho mmoja sikioni, na mwingine upitishe polepole kando ya gasketi. Ukifika kwenye tundu utajua, maana mlio hupanda ghafla. Tafuta pia masizi meusi kwenye hedi, na hesabu bolti. Mara nyingi zinazokatika ni za mwishoni, hasa za nyuma, kwa kuwa manifoldi ya chuma cha kumwaga ikitanuka na kusinyaa huzisukuma hizo zaidi ya zile za katikati. Kama huna uhakika, injini ikiwa baridi puliza hewa ya presha ndogo kwenye bomba la nyuma na upake maji ya sabuni kwenye viungo. Plagi iliyolegea nayo hufuka kwa mlio uleule, na waya wa plagi uliochakaa hutoa tik kali cheche inaporukia bodi. Huo utauona gizani.

Ikibaki kuwa ni valvu, jua kwanza una aina gani. Tapeti za kukaza kwa nati hupimwa mwanya kwa fila geji, vibati vyembamba vyenye unene unaojulikana, na injini nyingi za dizeli hupimwa zikiwa baridi, yaani zimelala usiku kucha. Isuzu 4JB1, kwa mfano, ni milimita 0.40 kwa valvu za kuingiza na za ekzosi. Kwa injini hiyo na nyingine za silinda nne zenye mpangilio wa 1-3-4-2, zungusha krankshafti kwa mkono hadi pistoni namba moja iwe juu kabisa na valvu zake zote mbili zimefunga. Hapo rekebisha zote mbili za namba 1, ya kuingiza ya namba 2 na ya ekzosi ya namba 3. Zungusha mzunguko mmoja kamili, kisha umalizie zote mbili za namba 4, ya kuingiza ya namba 3 na ya ekzosi ya namba 2. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo. Baada ya kukaza nati pima tena, maana nati ikikazwa huvuta skrubu pamoja nayo.

Usikaze kupita kipimo ili kupata ukimya. Valvu ya ekzosi hupoza sehemu kubwa ya joto lake inapokalia kiti chake. Ukiinyima muda huo itaungua kimyakimya. Afadhali igonge kidogo.

Ikiwa umepima sawa na bado inagonga, angalia uso wa roka, mkono unaobonyeza valvu. Ukiwa umechimbika, fila hukaa kama daraja juu ya shimo na kukupa kipimo cha uongo. Viringisha pushrodi, fimbo inayosukuma roka, juu ya kioo uone kama imepinda, na pima mpando wa kila kamu, uvimbe wa kamshafti, kwa dayali geji. Kamu iliyolika hairekebishwi kwa skrubu.

Tapeti za haidroliki zilizoganda kwa uchafu, badilisha oili na filta kwa mnato unaotakiwa, tembea kama kilomita 500, kisha badilisha tena. Kumwaga dizeli ndani ya oili ili isafishe ni kuzinyima beringi utando wao. Filta ya zamani ikate, kunjua karatasi na upitishe sumaku: vipande vinavyovutwa ni chuma cha kamu au tapeti, vya rangi ya shaba visivyovutwa ni beringi.

Kipimo cha kukata silinda: kwenye petroli, zima plagi moja moja kwa kuunganisha waya wake na bodi. Kwenye dizeli ya pampu ya zamani, legeza nati ya bomba la nozeli nusu mzunguko, ukiwa na miwani na glavu. Usifanye hivyo kamwe kwenye komoni reli, mfumo wa dizeli za kisasa. Presha yake inapenya ngozi. Mlio usipobadilika, uko kwenye valvu. Ukififia sana, umefungamana na mzigo: nozeli inayogonga, ekzosi inayovuja, pini ya pistoni au beringi ya konrodi. Pistoni inayocheza kwenye silinda hutoa mlio mpana, wa kina, unaoisha injini ikipata moto, na unaweza kuendelea nayo muda mrefu. Beringi haiishi kwa moto. Huzidi oili ikilainika, na husikika vizuri ukiachia mafuta kutoka mizunguko 2,000 hivi. Ukiisikia hiyo, zima injini na uvute lori. Karta ifunguliwe kabla haijawashwa tena.