Tulivyofanya hadi bondi ya polisi ikawa bure kweli mtaani kwetu

Watu wengi huku kwetu wanajua sheria ya polisi ni ile afande atakayokwambia pale kaunta. Akisema bondi ya kumtoa mtu seli asubiri kesi akiwa nje ni elfu tano basi ni elfu tano, mnachanga, mnatoa, kijana anatoka, risiti hakuna. Mimi ni katibu wa chama cha madereva wa tuktuk hapa Malindi na hiyo michango ya kumtoa mtu ndani ilikuwa inatumaliza jamani, pesa ya chama ambayo ingesaidia mtu akifiwa au tuktuk ikifa injini yote inaishia kituoni, nikasema hapana, hii kitu lazima nijue imeandikwa wapi.

Nikakaa nikasoma. Katiba yetu ya Kenya ya 2010 kifungu cha 49 kinasema aliyeshikwa ana haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumzuia, na afikishwe kortini kabla masaa 24 hayajaisha, na kama hayo masaa yanaishia korti ikiwa imefungwa basi ni siku ya korti inayofuata. Sasa ukishikwa Ijumaa jioni hapo umeshalala mpaka Jumatatu, na ndio maana Ijumaa watu wanalipa bila kuuliza, mzazi gani anataka mwanawe akae seli wikendi nzima? Halafu kuna kitu sikuwahi kusikia mtu akikitaja, kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inasema mtu asiwekwe rumande kwa ajili yake. Makosa mangapi ya barabarani yanaingia hapo!

Chini ya Katiba kuna Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, na chini ya hiyo kuna Standing Oda ambazo Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi wote nchini, ndiye anazitoa, hizo ndizo zinazomwambia polisi wa kawaida afanye kazi vipi kila siku. Waziri anaweza kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera, na lazima yawe kwa maandishi, lakini hawezi kumwambia amchunguze fulani au amuache fulani. Mimi hapo ndipo nilipopata nguvu. Kama waziri mwenyewe amewekewa mpaka namna hiyo, OCS, yaani mkuu wa kituo, au konstebo wa kaunta amepata wapi ruhusa ya kutunga bei yake? Na hizi sheria hazikuanguka tu kutoka mbinguni, baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 iliundwa kamati ya jaji Ransley mwaka 2009 ya kuangalia mageuzi ya polisi, na mambo mengi waliyopendekeza ndiyo yakaingia kwenye Katiba na sheria ya 2011. Watu walikufa ndio tukapata hizi karatasi, kuziacha kwenye kabati ni dhambi.

Basi Ijumaa moja kijana wetu akashikwa, alikuwa amegombana na abiria kwa sababu ya nauli. Nikaenda na mamake. Kituo sikitaji, kiko upande huu huu wetu. Pale kaunta tukaambiwa bondi ni pesa. Nikamwambia, "Afande, naomba namba ya OB, lile daftari la matukio, na kosa aliloandikiwa." Akaniangalia, "Wewe ni wakili?" Nikamwambia, "La, mimi katibu wa chama chao na huyu ni mamake. Kama ni kesh beli, ile pesa ya dhamana, tuko tayari, lakini utupe risiti ya serikali. Kama ni bondi ya polisi, hiyo haina malipo, tumekuja na mdhamini na kitambulisho chake." Sikupandisha sauti hata kidogo, na jina lake nililisoma pale kifuani mbele yake, maana sheria hiyo hiyo ya polisi ya 2011 inataka polisi mwenye sare awe na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Akafunga lile daftari akaingia ndani. OCS akatoka yeye mwenyewe, akauliza mdhamini ni nani, karatasi zikaandikwa, mdhamini akatia sahihi, na kabla ya Isha kijana yuko nyumbani.

Lakini mimi sikuridhika, kwa sababu mama wa kesho atakuja peke yake bila katibu na atalipa. Kwa hivyo tukafanya mambo mawili. La kwanza, wale waliotoa pesa bila risiti na wako tayari kusema, tukaandika majina, tarehe na namba za OB, tukatuma malalamiko IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, ofisi yao ya Mombasa. Si lazima wakili na hulipi kitu, na IPOA wana uwezo wa kisheria kukagua vituo na seli. La pili, tukalipeleka kwenye kamati ya polisi jamii, ambayo nayo iko kwenye sheria sio hisani ya mtu, raia na polisi wanakaa meza moja.

Kile kikao kilikuwa kirefu wallahi. Tulitaka kibao mlangoni kiandikwe BONDI NI BURE, basi. OCS akakataa, na kusema kweli alikuwa na hoja, akasema "Mkiandika hivyo tu, mtu wa wizi wa mabavu atakuja kunidai bondi hapa", na ni kweli makosa kama mauaji na wizi wa mabavu OCS hana mamlaka ya kutoa bondi, hayo ni ya korti. Mzee mmoja wa Shela akasema tukiweka maneno mengi nani atasoma. Tukavutana mpaka tukatoka na mistari mitatu: bondi ya polisi haina malipo, kesh beli lazima risiti ya serikali na pesa hurudishwa kesi ikiisha, makosa makubwa ni ya korti. Fundi anayetuandikia tuktuk zetu akakichora kwa rangi nyekundu juu ya nyeupe.

Ila kitu nilichokazania kuliko kibao ni minitsi, yaani kumbukumbu za kikao. Nilitaka iandikwe kwamba tumekubaliana, OCS atie sahihi, mwenyekiti atie sahihi, nakala moja ibaki kwetu moja kituoni, kwa sababu polisi wanahamishwa kila saa na mgeni akija huanza yake. Na kweli yule OCS akahamishwa. Mpya alipofika tukamwendea na faili yetu, tukampa mkono, tukamwonyesha ukurasa wenye sahihi ya mwenzake. Akausoma wote, akaomba kopi, kibao kikabaki palepale.

Sasa hivi tuko kwenye jambo la watoto, sheria ya 2011 inataka watoto watengwe na watu wazima wakiwekwa ndani, na kituoni kwetu hakuna chumba chao. OCS anasema bajeti haipo. Tumemwomba aandike hivyo kwa barua, tuipeleke kwa mamlaka ya polisi ya kaunti ambayo kisheria mwenyekiti wake ni gavana au waziri wake wa kaunti aliyemteua, na kikao kijacho hiyo barua ndiyo ajenda ya kwanza.