Kozi na Kasuku Katika Tawi Moja

Leo nimeusoma kwa makini mchoro wa nasaba ya ndege, na mshangao wake bado haujanitoka.

Kwa muda mrefu wataalamu waliwaweka kozi pamoja na tai na mwewe, kwa sababu wote wana kucha kali, mdomo uliopinda na macho yanayoona mbali. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kozi wana undugu wa karibu zaidi na kasuku na ndege waimbaji kuliko na tai. Ndiyo maana sasa tai na mwewe wamo katika oda moja, yaani kundi kubwa la koo zenye undugu, na kozi wana yao.

Kilichonivutia zaidi ni mdomo.

Kozi ana kijino pembeni mwa mdomo wa juu, ambacho hukitumia kuvunja shingo ya mawindo yake, ilhali tai huua hasa kwa nguvu ya kucha.

Licha ya tofauti hiyo, uwindaji umezifinyanga nasaba zilizo mbalimbali hadi zikafanana hivi! Naliona jambo hili kuwa la ajabu kuliko undugu wenyewe.

Wenzangu, ni wanyama gani wengine mliowadhania kuwa ndugu kwa kuwatazama tu?