Vifundo vya Bibi

Bibi yangu mzaa mama hakuwa mtu wa kutamka kwamba anakupenda, na nadhani angeona haya kulisema neno hilo mbele ya watu. Yeye alituhesabu. Kila usiku, kabla ya kuzima taa, alipita chumba hadi chumba akitaja majina yetu kwa sauti ya chini, na ikiwa mmoja wetu alikuwa hajarudi, alivuta kigoda akaketi karibu na mlango mpaka asikie hodi. Hakugomba. Alifungua komeo, akamtazama aliyeingia toka utosini hadi miguuni, kisha akaenda zake kulala. Mimi niliyechelewa mara nyingi kuliko wenzangu ningependelea kugombezwa.

Waliokuwa safarini aliwaweka kwenye kitambaa. Kilikuwa kitambaa cheupe cha pamba, ambacho kwa kufuliwa sana kilikuwa kimegeuka rangi ya majivu, na kwenye kingo zake alifunga kifundo kimoja kwa kila mtu aliyekuwa mbali na nyumbani. Habari ilipofika kwamba fulani amewasili salama, alikishika kifundo chake, akakilegeza taratibu kwa ukucha wa kidole gumba, halafu akayapapasa makunyanzi kwa kiganja mpaka yalale. Mjomba alipokaa ugenini miaka miwili, kifundo chake kilifuliwa na kuanikwa pamoja na kitambaa muda wote huo, kikakauka kama punje, hata siku aliporejea ikabidi Bibi akifungue kwa meno huku mwenyewe amesimama mbele yake na mzigo begani.

Msibani, wazungumzaji walisema kwamba marehemu hakuwahi kukosana na mtu. Sisi tuliokaa naye tulitazamana. Bibi alikuwa na kinyongo cha miaka, tena alizificha dawa zake chini ya mto kisha akaapa kwamba amekwisha kuzimeza. Nayataja haya kwa sababu ninayemkumbuka ni yeye, si yule aliyesifiwa siku ile.

Miaka yake ya mwisho alipatwa na ugonjwa wa Alzheimer. Daktari alitueleza kwamba maradhi hayo huanza mapema kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, ndiyo maana mgonjwa husahau alichoambiwa asubuhi ilhali ya utotoni angali anayo. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Aliweza kuniuliza mara kumi kabla ya adhuhuri kama nimeshaoga, lakini kuhesabu hakuacha, ila hesabu yenyewe ilianza kuzidi watu waliokuwamo nyumbani. Aliwataja kaka na dada zake waliokwisha kufariki, akauliza mbona hawajaingia na giza limeshatanda.

Usiku mmoja, nikiwa nimechoka, nilimjibu: “Bibi, hao walikufa zamani.” Alinitazama kama mtu anayepokea habari za msiba kwa mara ya kwanza, na kwake kweli ilikuwa mara ya kwanza. Alilia mpaka akapitiwa na usingizi, na asubuhi hakukumbuka chochote, jambo ambalo halikunipunguzia aibu hata kidogo. Mama aliniita pembeni akaniambia, “Akikuuliza tena, mwambie wako njiani.”

Nikawa namwambia hivyo. Sijaamua mpaka leo kama ule ulikuwa uongo, ila najua alichokifanya kila aliposikia jibu hilo: alichukua kitambaa chake, akakunja ukingo, akafunga kifundo. Vidole vilitetemeka, lakini kazi hiyo havikuisahau.

Kitambaa sasa kiko kwa mama mdogo. Baada ya mazishi tuliketi watu wanne kukizunguka, tukavihesabu vifundo 11 na kujaribu kukumbuka kila kimoja ni cha nani. Viwili vilikuwa vya wajukuu waliokuwa bado hawajafika, na vinane tukavipatia ndugu zake, mmoja baada ya mwingine, kwa majina ambayo nilikuwa nimeyasikia akiyaita usiku. Kikabaki kimoja, kidogo kuliko vyote, kilichofungwa mbali na vingine kwenye pembe. Mama alikishika, akakaa nacho muda mrefu, ndipo akatuambia kwamba kabla yeye hajazaliwa, Bibi aliwahi kuzaa mtoto aliyeishi siku tatu.