Ndege, makinda yake na dagaa wangu wa Kibirizi

Ninakausha dagaa Kibirizi, pembeni mwa mji wa Kigoma, na huu ni mwaka wa kumi na saba. Kwa miaka mingi nilinunua chochote kilichotua mwaloni, hata wale dagaa wachanga wa kokoro (wavu wa kukokota), ambao ukishawaanika wanabaki kama makapi. Bei yao ni ya chini, na mtu mwenye watoto shuleni haulizi mara mbili.

Mabadiliko yalianzia jumuiyani, kwenye kikundi chetu kidogo cha sala cha Wakatoliki. Ilikuwa kabla ya Ziwa Tanganyika kufungwa mwaka 2024, ule uvuvi uliposimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Jumuiya yetu imejaa wachuuzi na wake wa wavuvi. Mama mmoja alilia mbele yetu sote. Mwenyekiti akaniomba niandae tafakari ya wiki inayofuata, na nilitoka pale na uchungu, kwa sababu nilikuwa na ada ya kidato cha tatu na sikuona maneno ya kumfariji mtu.

Katekista aliniazima Laudato Si', waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015. Nilisoma taratibu hadi aya ya 68, nikakwama hapo. Papa anakumbusha sheria iliyomo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22: ukikuta kiota, na mama ndege amelalia mayai au makinda, usimchukue mama pamoja na wanawe. Nimebatizwa nikiwa mtoto mchanga na sikukumbuka kuwahi kusikia mahubiri juu ya mstari huo. Mungu hamnyimi mtu chakula. Anachokataa ni mtu kufyeka kizazi kizima kwa mkono mmoja. Beseni langu la dagaa wa kokoro lilikuwa pale pale miguuni.

Siku ya tafakari niliongeza Walawi 25, mwaka wa saba ambao ardhi inaachwa ipumzike. Mama mmoja akanikatiza: "Dada, hiyo ni ya mashamba. Ziwa halilimwi." Nikamuuliza, mbalamwezi ikiwaka wanaume wetu wanafanya nini? Wanalala nyumbani, maana taa haziwavuti dagaa usiku wenye mwanga. Kila mwezi ziwa linapumzika siku kadhaa na hatujawahi kuliita balaa. Hapo watu walinyamaza, kisha mazungumzo yakawa ya kweli: tutakula nini miezi mitatu?

Mimi nilihamia kwenye mawese. Nilikuwa nimeanza kuweka akiba kwenye kikoba, nikanunua madumu ya lita 20 Mwandiga na kuyauza rejareja mjini. Faida ilikuwa ndogo. Ada nililipa nusu, na nusu nyingine nikaenda kumwomba mwalimu mkuu anivumilie.

Kazi ngumu ilikuja baada ya ziwa kufunguliwa. Wanawake kumi na wawili tulikuwa tumekubaliana kutonunua tena dagaa wachanga. Wiki ya pili mtoto wa kaka yangu akaja na ndoo mbili.

"Shangazi, ukikataa wewe, mwenzako atanunua."

Alisema kweli. Wanne kati yetu walishanunua, na siwalaumu, najua nyumba zao zilivyo. Nilimwambia, "Mwanangu, sitanunua. Lakini usiondoke, nina kazi."

Ile kazi ilitokana na Injili pia. Katika Yohana 6, baada ya watu kushiba mikate na samaki wawili, Yesu anaagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu. Nilikuwa nimesoma hapo mara nyingi bila kufikiria mchanga wetu wa Kibirizi. Tukianika chini, mvua ikinyesha ghafla tunapoteza dagaa wengi, na waliobaki wana mchanga, bei inashuka. Nikaona kwamba hasara ile, nikiizuia, inaweza kuziba pengo la dagaa wachanga ninaowakataa. Yule kijana alinijengea chanja tatu za miti na wavu wa zamani, urefu wa kiuno. Wingu likitanda tunafunika na turubai pale pale. Dagaa wanakauka juu na chini, safi, na wateja wangu wanaowapeleka Tabora wameanza kuwauliza kwa jina: wale wa chanja.

Wawili kati ya wale wanne wamerudi kwenye makubaliano baada ya kujengewa chanja zao, na kijana ndiye aliyezijenga, kwa malipo. Wengine wawili bado wananunua kwenye ndoo. Jumapili tunakaa benchi moja, na Jumatano iliyopita mmoja wao alikuja kunikopa turubai, mvua ilipoanza kunyesha.